Kanuni Iliyowasahau Walimu

Wanafunzi walimwita Chukulia. Alijua, na hakuwahi kumkemea mtu kwa hilo. Kila somo lake la biolojia lilianza na neno hilo: "Chukulia wewe ni chembe nyekundu ya damu," au, "Chukulia huna figo." Mwanafunzi aliyeelekezewa kidole alilazimika kukaa kipindi kizima bila figo. Sikuwahi kumwona akicheka darasani. Mimi nilifundisha jiografia chumba cha pili, na ukuta uliotutenganisha ulikuwa mwembamba kiasi kwamba wanafunzi wangu waliujua mfumo wa mmeng'enyo wa chakula kuliko walivyoijua milima.

Alikuwa mwanamke mrefu, wa mabega mapana, aliyevaa sweta la kijivu hata jua likiwaka. Mumewe alikuwa fundi wa friji mwenye karakana karibu na soko, na nyumbani waliishi na mama mkwe, bibi ambaye masikio yake yalikuwa mazima kuliko alivyopenda watu wajue. Wakati ninaousimulia, Chukulia alikuwa amechoka na kazi. Hakulalamika. Alikuwa tu ameanza kuandika ubaoni yale yale ya kila mwaka bila kugeuka nyuma. Siku moja tukisubiri chai aliniambia mumewe anatafuta mtu wa kupokea wateja pale karakana, na kwamba anafikiria kwenda yeye.

"Friji haliulizi kama jambo fulani litatoka kwenye mtihani," alisema.

Basi ikaja semina. Walimu wa sayansi walitakiwa wafundishwe namna ya kutumia kompyuta darasani. Si kuchapa barua, bali wanafunzi wenyewe waandike kanuni za jambo la asili, wazitie kwenye mashine, waone kama mashine itafanya kile ambacho dunia hufanya. Aliyepangwa kwenda ni mwalimu wa fizikia, lakini mkewe akajifungua. Mkuu wa shule akaingia chumba cha walimu wakati wa chai, akatupitia kwa macho mmoja mmoja, akamchagua Chukulia. Nadhani ni kwa sababu ndiye pekee ambaye hakuwa na kitu mdomoni.

Aliporudi nilimuuliza habari za huko.

"Kompyuta ni mjinga," akasema.

"Mjinga?"

"Mjinga wa kutupwa. Mwanafunzi wangu mzito kuliko wote ana nafuu. Kompyuta usipoiambia jambo, hailijui. Haiwezi kukisia, na haiwezi kujifanya imeelewa." Akakoroga chai yake taratibu. "Miaka yote hii nimekuwa nikitafuta mtu asiyeweza kujifanya ameelewa."

Somo la kwanza alilifundisha bila kompyuta. Aliwatoa kidato cha tatu nje, akawabana wote kwenye kona moja ya uwanja, akampa kila mmoja dado ya karatasi ngumu. Yeye akipiga makofi, kila mwanafunzi arushe dado; namba itamwambia aende hatua moja mbele, nyuma, kushoto, kulia, au abaki palepale. Basi. Hakuna kanuni nyingine. Baada ya muda watoto walikuwa wametapakaa uwanja mzima, wengine wameshafika kwenye maua ya ofisi, bila hata mmoja kukusudia kwenda huko.

Mwalimu wa nidhamu akatoka mbio.

"Hawa wanafanya nini?"

"Wanasambaa," akajibu Chukulia.

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Hakuna aliyewaruhusu. Ndiyo somo lenyewe. Hivi ndivyo harufu ya marashi inavyojaza chumba."

Mwalimu wa nidhamu alisimama pale akitafuta kosa, akalikosa, akaondoka amekasirika zaidi kuliko kama angelipata.

Wiki iliyofuata wakaingia chumba cha kompyuta. Mlinzi wa chumba hicho alikuwa mwalimu wa kompyuta, kijana nadhifu aliyezifunika mashine zake kwa vitambaa kama sofa za wageni, na ambaye hakufurahia sana watu kuzigusa. Kazi ilikuwa kuandika kanuni za sungura na majani: sungura akikuta jani, ale, akila vya kutosha, azae. Wanafunzi wakaandika, wakabonyeza. Sungura, ambao kwenye kioo cha kompyuta walikuwa vidoto, nukta ndogo nyeupe, wakala, wakazaa, watoto wao wakazaa. Kioo kikawa cheupe chote. Kisha mashine ikanguruma, ikaganda.

"Sungura wenu wamekula mashine yangu," akasema mwalimu wa kompyuta kwa sauti ya msibani.

"Kwa nini wamejaa hivi?" Chukulia akauliza darasa.

Akajibu msichana aliyekaa mbele, ambaye shule nzima ilimwita Wakili kwa sababu hakuna jambo aliloambiwa akalikubali mara ya kwanza. Hesabu zilikuwa zikimpiga chenga, na mwalimu wa taaluma alikuwa ameshampendekeza ahamishwe kutoka mkondo wa sayansi.

"Mwalimu, hatukuambiwa wafe."

Chukulia akamgeukia. "Nani alipaswa kuwaambia?"

Wakili akafungua mdomo, akaufunga. Kwa kumbukumbu zangu na za wenzake, ilikuwa mara ya kwanza.

Jioni hiyo Chukulia alijaribu kumweleza mumewe. Mumewe alisikiliza kwa upole akiwa na kikaratasi cha mteja mkononi, akasema, "Kwa hiyo mnacheza gemu." Mama mkwe, aliyekuwa amelala kwenye kiti, akasema bila kufumbua macho, "Mwache mkwe wangu. Tangu arudi huko ameacha kukoroga uji kwa hasira."

Sasa likaja jambo lenyewe.

Muhula wa pili ulipoanza kukolea, ugonjwa wa macho mekundu uliingia shuleni. Ulianzia bweni la wasichana: mmoja aliamka macho yamegandana, kesho yake jirani zake, kisha ukavuka kwenda kwa wavulana. Watoto wakawa wanasoma jicho moja limefumbwa, wakijikuna na kutoa machozi. Mkuu wa shule, mtu mwenye bidii ya kweli na suti mbili, aliita shule nzima uwanjani akatangaza kwamba ugonjwa huu huambukizwa kwa kutazamana.

"Kuanzia sasa," alisema, "ni marufuku kutazamana machoni."

Aliyepata shida zaidi alikuwa mwalimu wa nidhamu, kwa maana maisha yake yote ya kazi alikuwa akiwaambia watoto, "Nitazame ninapoongea na wewe." Sasa akawa anawakaripia huku yeye anatazama mlingoti wa bendera, nao wanatazama viatu.

Chukulia alikuwa amekwenda ofisini mapema kueleza kwamba macho mekundu huenezwa na mikono na vitu vinavyogusana na macho, si na macho yenyewe. Mkuu alimwambia, "Asante, Mwalimu," kwa sauti ile ambayo mtu humwambia mchuuzi dirishani. Kwa hiyo akarudi darasani. Lakini darasani hakusema. Nilimuuliza kwa nini.

"Nikiwaambia watakariri," akasema. "Naziacha kanuni zipambane zenyewe."

Akaligawa darasa makundi matatu. Kundi la kwanza likachukua kanuni ya Mkuu: mzima akimtazama mgonjwa, anaugua. La pili likasema ugonjwa unapita hewani kati ya wanaokaa dawati moja. La tatu, la Wakili, likasema ni mikono, mabeseni na mataulo ya bwenini, kwani Wakili alilala huko na alijua taulo moja huzunguka vitanda vingapi. Kila mwanafunzi wa shule akawa kidoto: kijani mzima, chekundu mgonjwa, kijivu aliyepona. Na kila asubuhi viongozi wa madarasa walihesabu wagonjwa wa kweli, ili vidoto vilinganishwe na watu.

Kwa mujibu wa kundi la kwanza, shule nzima ilipaswa kuwa inaumwa tangu siku ya tangazo, Mkuu akiwa mbele, maana yeye ndiye aliyewatazama wote. La pili liliwaambukiza watu darasa kwa darasa, wakati wagonjwa wa kweli walijikusanya bweni kwa bweni. Mashine ilichora kwa kila kundi mstari wa idadi ya wagonjwa, na mstari wa kundi la Wakili ndio uliokwenda sambamba na hali halisi. Mwanzoni ulipanda kwa kasi mno. Wakabishana, wakakubaliana kwamba si kila anayeshika taulo la mgonjwa huugua, wakaipunguza kanuni makali, wakajaribu tena. Ukakaa vizuri.

Kisha wakaiuliza mashine maswali ya "je, ikiwa". Je, ikiwa hakuna kutazamana? Hakikubadilika kitu. Je, ikiwa kila mtu ana taulo lake na sabuni iko bombani? Mstari ukainama.

Wakati huo Mkuu alikuwa amefikia uamuzi wa kufunga shule. Chukulia aliomba kusema kwenye kikao, akaja na Wakili. Mkuu alitazama karatasi ya manila yenye mistari, akaigeuza, akairudisha.

"Hii kompyuta imesomea wapi udaktari?"

"Haijasoma popote, Mkuu," akasema Wakili. "Haijui chochote ila tulichoiambia. Ikikosea, tumekosea sisi."

"Na mkiwa mmekosea?"

"Tutajua. Kila asubuhi tunahesabu. Hesabu ikiukimbia mstari, tutakuja kukuambia. Lakini tukifunga shule leo, kila mgonjwa atakwenda kujifutia taulo la nyumbani kwao."

Walimu tulitazama meza. Mkuu akainua simu, akampigia muuguzi wa zahanati ya jirani. Hatukusikia upande wa pili, ila tuliona Mkuu akisema "ndiyo" mara kadhaa, na mara ya mwisho akisema, "Mwaka jana pia uliniambia? Sawa. Samahani." Akakata simu, akaagiza sabuni.

Kwa siku za mwanzo ilikuwa raha. Wakili alibandika manila kwenye ubao wa matangazo, mstari umechorwa ukishuka mpaka chini, na kila asubuhi aliweka kidoto chekundu cha hesabu ya kweli. Vidoto vilifuata mstari kama watoto watiifu. Mkuu akawa anawapitisha wageni pale, akisema "kanuni yetu".

Halafu vidoto vikaukimbia mstari. Kimoja kikakaa juu kidogo. Cha pili kikapanda. Wagonjwa wapya wakaanza kuonekana madarasani, hata wanafunzi wa kutwa, ambao bweni walikuwa wakiliona kwa nje tu. Chumba cha walimu kikapata mazungumzo. Mwalimu wa kompyuta alisisitiza kwamba mashine hazina kosa. Mwalimu wa taaluma alikumbusha, bila kuulizwa, kwamba binti mwenyewe hesabu hajui.

Nilimkuta Chukulia amesimama mbele ya ule ubao, mikono ndani ya sweta. Uso ulikuwa uleule, lakini shingo ilikuwa imeingia mabegani.

"Nimemsimamisha mtoto wa watu mbele ya kikao," alisema, "akasema mambo ambayo mimi ndiye niliyepaswa kuyakagua."

Siku hiyo aliingia darasani, na kupitia ule ukuta nilimsikia akisema, "Kanuni yetu ina tundu. Sijui liko wapi."

Wale watoto hawakuwahi kumsikia mwalimu akisema hajui. Niliambiwa baadaye kwamba mmoja aliyekaa nyuma aliliandika neno hilo kwenye daftari na kulipigia mstari, akidhani ni la mtihani.

Wakazipitia kanuni moja baada ya nyingine kwa sauti. Nani anagusa nini, nani anakutana na nani, wapi. Walipofika nusu, Wakili akanyoosha mkono.

"Mwalimu, wewe unalala bweni gani?"

"Silali bwenini, unajua."

"Na unakaa dawati gani?"

"Sikai dawatini."

"Basi wewe haumo ndani ya mashine. Hakuna mwalimu hata mmoja aliyemo. Tulichukulia shule ina wanafunzi peke yao."

Chukulia akaweka chaki chini.

"Mwalimu," Wakili akaendelea, sasa kwa sauti ya chini, "walimu wakinawa mikono, wanajifutia nini?"

Sisi sote tulijua tunajifutia nini. Nyuma ya mlango wa chumba cha walimu, kwenye msumari, lilining'inia taulo ambalo zamani lilikuwa la buluu. Nililikuta nilipoajiriwa. Hakuna aliyekumbuka kulinunua, na hakuna aliyejiona ana mamlaka ya kulifua. Tulijifutia chaki, tulijifutia chai, tulijifutia jasho.

Wakaongeza kanuni. Vidoto vichache vyenye rangi ya njano, vinavyohama darasa hadi darasa kila kipindi, vikishika madaftari na chaki, na vyote vikirudi penye taulo moja. Wakabonyeza. Mstari ukashuka, kisha, palepale ambapo wagonjwa wa kweli walianza kuongezeka, nao ukainuka.

Hakuna aliyeshangilia. Darasa zima liligeuka kumtazama Chukulia usoni, marufuku au si marufuku. Tangu asubuhi alikuwa akijifuta jicho la kushoto na kusema ni vumbi la chaki.

Alikuja moja kwa moja chumba cha walimu wakati wa mapumziko.

"Nani anawashwa macho?" akauliza.

Kila mtu akapata jambo la kusoma. Kisha mwalimu wa nidhamu, taratibu, akanyoosha mkono kama mwanafunzi. Mwalimu wa fizikia akafuata. Nami nikanyoosha wangu.

Mlango ukafunguliwa, akaingia Mkuu wa shule. Alikuwa amevaa miwani myeusi ya jua. Akatusalimia, tukaitikia. Akaenda kwenye sinki, akavua miwani, akanawa uso, akanyoosha mkono nyuma ya mlango kwa mazoea ya miaka, akaanza kujifuta kwa uangalifu mkubwa.

"Mkuu," Chukulia akasema, "tunaliomba hilo taulo."

"Subiri nimalize."

Alimaliza. Akageuka, akatuona tunavyomtazama, akalitazama taulo. Chukulia akamweleza, kwa maneno machache, bila kupunguza wala kuongeza. Mkuu akakaa kwenye kiti cha karibu, ambacho kilikuwa changu.

"Na huko kwenye mashine," akauliza, "mimi ni kidoto kipi?"

"Kile kinachoingia kila darasa, Mkuu."

Akainamisha kichwa. Ni kweli aliingia kila darasa, kila siku, tangu alipotoa lile tangazo. Alikuwa akikagua kama watoto wanatazamana, na kila alipomwona mwenye macho mekundu alimshika kichwa kumpa pole.

Mwalimu wa nidhamu alilichukua taulo kwa koleo la maabara, akaenda kulichoma nyuma ya jiko. Walimu wagonjwa tukaambiwa tubaki nyumbani, Mkuu akiwa wa kwanza. Chukulia naye alikwenda kukaa kwake, chumba cha peke yake, na mama mkwe alikuwa akimwachia chakula mlangoni na kurudi nyuma kama anayelisha simba. Shuleni madarasa mengine yalijisomea yenyewe. Mstari mpya ukashuka, na vidoto vikaushika, isipokuwa mwishoni ambapo vilichelewa kidogo. Wakili hakuwahi kujua kwa nini, na jambo hilo lilimkera kuliko ugonjwa.

Aliporudi, Mkuu aliita shule uwanjani. Tulitegemea atazungumzia usafi. Alisema, "Taulo la walimu limewaumiza. Niliambiwa ukweli siku ya kwanza na Mwalimu wa biolojia sikumsikiliza, kisha nikaupeleka ugonjwa darasani kwa mikono yangu. Mnisamehe." Akashuka jukwaani. Alikuwa mtu wa maneno mengi, na siku ile alitumia machache. Watoto walimpigia makofi, si kwa kejeli.

Wakili hakuhamishwa mkondo. Hesabu zake ziliendelea kuwa za wastani, kwa sababu alibishana na kila fomula kabla ya kuitumia, na mtihani haukumpa muda wa kubishana. Lakini alifaulu vya kutosha, akaenda kusomea afya ya jamii, na siku hizi akinipigia simu huniuliza kwanza hali ya mwalimu wake kabla ya kuuliza yangu.

Chukulia hakwenda karakana. Mumewe alimpata mpwa wake akae na wateja. Wakati fulani, tukisahihisha mitihani, nilimuuliza alijisikiaje ile siku mstari ulipoinuka kwenye kioo pale ulipotakiwa kuinuka. Nilitegemea aseme alifurahi.

"Niliogopa," alisema. "Nilikuwa nimezoea kuviona vidoto. Mara nikakumbuka kile cha njano kinachoingia kidato cha tatu asubuhi ni mimi, na vile vyekundu nyuma yangu ni watoto ambao niligusa madaftari yao."

Akachukua karatasi nyingine. Baada ya hapo alibadilisha kitu kimoja tu katika masomo yake. Kabla darasa halijabonyeza kuanza, mwanafunzi mmoja husimama na kuuliza, "Nani tumemsahau?" na hakuna anayegusa mashine mpaka majibu yaishe. Wakati mwingine kipindi kizima huishia hapo. Mwalimu wa fizikia naye ameanza kuleta darasa lake, kuona chai hupoa vipi kwenye kikombe. Chai ya kwenye kompyuta hupoa haraka kuliko ya kwenye meza, na mpaka sasa hawajapata sababu. Juzi niliwakuta wawili hao wanainama juu ya kikombe, wakibishana kama kifuniko kihesabiwe au kisihesabiwe, na kengele ya kipindi ilikuwa imeshalia.